Kijiko cha Chisima

Alhamisi, duka la fotokopi la Nkuhungu likishafungwa,
tunatandika ufalme juu ya mashine iliyokufa.
Ramani nimeichora nyuma ya mchoro wa nyumba
ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua.
Maadui ni zabibu za Hombolo.
Anayekufa analiwa.

Lechipya, mpima viwanja, ni shujaa wa shoka.
Sechelela katoka zamu wodini, bado ananukia spiriti;
huku kwetu ni mchawi wa moto.
Ndahani ni mwizi, na hata zabibu zilizo hai
hupungua upande wake.

Mimi ndiye wengine wote:
mvua isiyokuja, farasi, mlinzi wa lango, mama mkwe wa mfalme,
na tangu Machi, Chisima,
kibeti aishiye chini ya tope
pale tembo alipokuja kunywa akadidimia,
mji ukapata jina.

Kimo nilimpa changu: futi nne kasoro inchi moja.
Hakuna aliyesema neno.
Walikodolea dadu macho
kama waumini wanaosubiri sadaka ipite.

Usiku huu wamemfikia. Milango saba, zabibu thelathini,
na yeye juu ya pipa, miguu ikining'inia, kijiko mkononi.
Nikakaza koo, nikamwachia aseme:

*Naitwa mimi Chisima, sina deni na mvua,
tone lenu nalipima, kijiko kinaamua,
mwenye kiu akihema, ndipo bei nainua,
tembo yule wa kuzama, mkono wangu wajua.*

"Subiri," akasema Sechelela. "Alichekwa utotoni, siyo?
Labda tukiongea naye vizuri."
Na Lechipya, kwa sauti ya msibani:
"Si kosa lake kuzaliwa hivyo."

Hivyo vipi?

Nikawaambia: Chisima alikuzwa kwa maziwa na mlenda.
Baba yake alimbeba begani mpaka mwenyewe akachoka kubebwa.
Hakuna aliyemcheka akabaki na meno.
Ana mapipa elfu tisa, na anapenda kuyahesabu, basi.
Ni mwovu kama mwenye nyumba wangu alivyo mwovu,
na yule ni mrefu kama nguzo ya umeme
na hutuuzia maji ya chumvi kwa bei ya soda.
Mpeni heshima yake. Mpigeni.

Lechipya akapuliza kiganja. Alihitaji kumi na tano kwenda juu.
Dadu la pande ishirini likadunda kwenye kikokotoo,
likagonga stepla,
likaingia uvunguni mwa kabati la karatasi.

Wakajaribu fagio. Wakajaribu rula.
Ndahani akaingiza mkono, ukaishia kwenye kiwiko.
Kisha mmoja mmoja wakanitazama,
wakaona haya kwa kunitazama.

Nikaingia. Tochi mdomoni, tumbo sakafuni,
vumbi la wino, risiti ya mwaka juzi,
mende mmoja mwenye hati ya makazi,
na dadu, limetulia kama yai:
kumi na nane.

"Ngapi?" ikauliza miguu sita.

Nililala pale kidogo. Sakafu ilikuwa na baridi nzuri.
Niliwaza miezi yote hii, sauti yake, kijiko chake.
Nikalitia dadu mfukoni.

"Tatu," nikasema.

Na Chisima akapenya ufa wa mwamba
na maji yote ya Ugogo mgongoni, bila haraka,
akageuka mara moja tu kunikonyeza.
Sechelela alipiga meza. Ndahani akala jeshi lililobaki.
Lechipya alisema ni bahati tu, bahati haina mwenyewe,
akanipangusa vumbi begani.

Nje, saa nane usiku, zamu yetu ya mgao,
bomba la mama Mwaluko likakohoa,
likakohoa tena,
likatoa upepo.